Simu Tuliyoifungia Kabatini Mwezi wa Ramadhani

Mmeniomba, nyinyi mliobaki na simu, nikuandikieni jinsi kazi ya meseji inavyofanywa. Nimechelewa, najua. Nilisoma skuli ya msingi tu, na tangu zamani barua ya ukurasa mmoja hunichukua siku nzima. Kwa macho haya yaliyonistaafisha kabla ya wakati, sasa ni siku mbili. Pahala mtakapoona rangi ya wino imebadilika, mjue hapo niliweka kalamu nikenda kulala.

Habari za vyeo sitoziandika kwa sababu sikupata, wala za mshahara kwa sababu mnaujua. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa moja nililolifanya. Kama mna haraka, someni hilo kosa muache mengine.

Nilianza mwaka 1985, kijana wa miaka ishirini, mhudumu katika kituo kimoja cha matibabu Mji Mkongwe. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa shamba la serikali Kizimbani, akipalilia mikarafuu, na yeye ndiye aliyenileta mjini na kunikabidhi kwa muuguzi mkuu. Nilikuwa na haya kupita kiasi. Nyumbani mgeni akipiga hodi mlango wa mbele, mimi nilikwisha kutokea wa nyuma.

Siku ya kwanza nikapewa kadi za wagonjwa nisimame mlangoni niite majina. Chumba kimejaa. Nikafungua mdomo, sauti ikagoma. Nikajaribu tena, ukatoka mnong'ono ambao hata mimi mwenyewe sikuusikia vizuri.

Muuguzi mkuu alikuwa Bi. Zuwena, mtu wa mjini hasa, wa ukoo wa Kiarabu, mwembamba, na kila jina la mtu alilitamka herufi kwa herufi kwa haki yake. Aliniangalia juu ya miwani.

"Pandu!"

"Naam, Bi. Zuwena."

"Unaita wagonjwa au unawaombea dua kimoyomoyo?"

Chumba kizima kikacheka. Jasho lilinitoka mpaka kadi zikalowa. Basi nikafanya nililoliweza: nikaichukua kila kadi, nikamfuata mtu pale alipokaa, nikainama, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama yeye ndiye fulani, nikamwambia zamu yake imefika. Siku ya kwanza nilikosea watu wengi, na bibi mmoja alidhani namwomba kiti chake. Nilingoja nifukuzwe. Mchana Bi. Zuwena akaniita.

"Kesho ufanye vile vile."

"Siwezi kuita kwa sauti, Bi. Zuwena."

"Nshaona. Usiite. Mtu anakuja hapa na aibu yake, hataki jina lake lipigiwe mbiu. Wapayukaji ninao wengi."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi, na miaka ishirini na zaidi iliyofuata sikupata kubwa kuliko hilo.

Asubuhi za Jumamosi na Jumapili walikuja vijana. Wengine wamevunjika mkono kwa kuanguka na vespa, wengine wanatapika damu, wengine wamebebwa hawajui walipo. Walikuwa hawanywi kila siku. Wiki nzima kijana wa watu yuko kazini, anasali, anamsaidia mama yake. Ikifika siku moja na marafiki, wanakunywa kama wanaofukuzwa, bia juu ya tembo, gongo juu ya bia, mpaka kitu kiishe au wao waishe. Sisi tulikuita huko kunywa kwa mkupuo. Baba au kaka aliyemleta alikuwa na neno moja tu la kumwambia karani wa daftari: "Tumbo. Andika tumbo." Na karani akiandika tumbo. Kwa mujibu wa daftari letu, Unguja nzima iliumwa tumbo siku za mapumziko, ikapona Jumatatu.

Bi. Zuwena hakubishana na familia yoyote. Lakini mbele ya kila tumbo la namna hiyo alitia nukta ndogo kwa kalamu ya risasi. Nilipomuuliza ya nini, alisema, "Ipo siku mtu atauliza. Sitaki nije nimwambie sijui."

Miaka ya tisini nilipewa baskeli. Kazi ikawa kuwafuata majumbani wale vijana wa nukta waje kuchukua dawa na kuzungumza na Bi. Zuwena. Nilipanda ngazi nyingi za mji huu, zile zenye giza na kamba ya kushikia, na nilifika mpaka Chwaka kwa baskeli hiyo, kwenda na kurudi. Faida ilikuwa ndogo. Baba mmoja alinifungulia mlango, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa, "Hapa hakuna mlevi. Na hiyo baskeli yako, tafadhali, usiiegemeze tena ukutani kwangu." Alikuwa na haki. Mtaa mzima uliijua ile baskeli. Nilikoingia na kutoka, jirani walijua aliyemo ndani anakunywa. Nilikuwa nimeligeuza jina la mtu kuwa mbiu bila ya kufungua mdomo.

Ndipo zilipokuja simu za mkononi. Ukaja na mradi mdogo, na mtu akauliza kama kweli kuna vijana wanaokunywa kwa mkupuo kisiwani. Bi. Zuwena, ambaye alikuwa keshaanza kuhesabu siku za kustaafu, alishusha madaftari ya miaka yote akayafungua kwenye nukta. Tukapewa chumba kimoja cha ghorofani Kiponda, meza, kabati la chuma lenye kufuli, na simu moja. Ile ile mliyonayo. Kitufe cha tano kilikuwa kizuri siku hizo.

Meseji za mwanzo alizitunga daktari wa mradi, mtu mwema aliyesoma sana. Zilikuwa ndefu. Zilieleza ini, zikaeleza moyo, zikamaliza kwa dua. Simu ilizikata vipande vitatu, na mara nyingi dua ilifika kwanza. Vijana walijibu "Nani huyu?" au hawakujibu. Mmoja aliandika, "Sheikh umekosea namba." Mbaya zaidi, kijana mmoja wa Malindi aliiacha simu juu ya mkeka wakati wa chakula, dada yake akaisoma meseji kwa sauti mbele ya baba: punguza pombe. Yule kijana hatukumuona tena. Hapa kwetu simu ya mtu ni ya nyumba nzima. Meseji unayomwandikia mmoja, iandike kama itakayosomwa na mama yake, kwa sababu itasomwa na mama yake.

Daktari akaniachia mimi kubonyeza, kwa kuwa nilikuwa na subira. Kwa uandishi wangu wa pole pole sikuweza kuandika marefu hata ningetaka. Nilinunua daftari la hesabu, lile lenye visanduku, nikawa naandika kwanza kwa kalamu, herufi moja kisanduku kimoja, kuhakikisha maneno hayapiti meseji moja. Kisha nikaanza kufuta. Nilifuta mpaka yakabaki maneno mawili: Leo ngapi?

Hayo ndiyo mliyoyakuta, na naona mmeyaongezea salamu na "mpendwa kijana". Yaondoeni. Kijana alikuja chumbani kwetu mara moja, tukakubaliana uso kwa uso. Siku yake ya kutoka na wenzake, alasiri, kabla hajatoka, nitamuuliza leo ngapi. Atanijibu kwa namba: chupa alizokusudia. Kesho yake asubuhi nitamuuliza zilikuwa ngapi. Atajibu kweli au atanyamaza, sitomsema. Mwenye kuiokota simu ataona namba tu, na namba haimfedheheshi mtu. Na muangalie saa. Swali likifika kabla ya chupa ya kwanza lina kazi. Likifika baada ya ya nne, ni la kuchekwa na meza nzima.

Sasa nafika kwa Mcha.

Mcha alikuwa kijana wa Jambiani, miaka ishirini na tatu, akihudumia mezani katika hoteli ya ufukweni. Mara ya kwanza nilimuona asubuhi ya mwezi mosi Ramadhani, amelala juu ya kitanda cha kituo, shati lina damu. Jana yake ilikuwa siku ya kuvunja jungu. Nyote mnaijua: mwisho wa Shaabani watu wanatoka, wanapika, wanakula pamoja kabla ya kufunga. Wengi wanakula pilau na kurudi nyumbani. Lakini wako wanaotaka kunywa siku hiyo pombe ya mwezi mzima unaokuja.

Mama yake, Bi. Mize, alikaa sakafuni kando ya kitanda. Ni mkulima wa mwani. Vidole vyake vilikuwa na michirizi ya kamba na chumvi. Nilipokuja na daftari hakuninyanyulia uso.

"Tumbo," alisema.

"Ndiyo, Bi. Mize," nikasema, na karani akaandika. Bi. Zuwena akatia nukta.

Daktari wa kituo alitueleza mimi na Bi. Zuwena kando, mama asisikie. Ndani pamechanika. Safari hii damu imesimama. Akinywa tena kwa mkupuo namna ile, huenda isisimame.

Mcha alirudi baada ya sikukuu kuchukua dawa, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukubali swali langu. Wiki ya kwanza nilipouliza leo ngapi alijibu nane, kesho yake akaniambia zilikuwa kumi. Baada ya miezi, tano. Kisha tatu. Alikuwa mtu wa mzaha. Siku moja badala ya namba nikapata swali: "Na wewe Mjomba leo ngapi? Kahawa."

Nikafikiri kwa muda mrefu, nikaandika kwenye visanduku, nikabonyeza: "Vikombe vinne."

"Vinne! Mlevi wewe. Kesho viwili."

Tangu hapo tukawa tunahesabiana. Kwa Mcha niliandika mambo ambayo kwa mdomo sijamwambia mtu: kwamba naogopa kusimama mbele ya watu, kwamba mke wangu niliposewa na dada yangu kwa sababu mimi mwenyewe nilifika mlangoni kwao mara tatu nikarudi. Alijibu, "Mimi nshaposa mwenyewe. Harusi mfunguo mosi, tukishamaliza kufunga. Utakuja ule wali, ukae nyuma nisikuone."

Mwaka ukazunguka, ikafika tena siku ya kuvunja jungu. Nilikaa na ile simu tangu adhuhuri. Nikauliza leo ngapi. Akajibu, "Sifuri." Alasiri nikauliza tena, jambo ambalo sifanyi. "Sifuri Mjomba. Nimekula biriani mpaka nashindwa kuinama." Magharibi ikaingia, mwezi ukaandama, na Mcha yuko sifuri. Nilimwonesha Bi. Zuwena, ambaye kwa wakati huo alikuwa amestaafu lakini akipanda zile ngazi kila wiki kutukagua. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

Kesho yake daktari wa mradi aliniuliza, "Pandu, mwezi huu vipi na simu?"

Nikasema, "Tufunge."

Nilisema bila ya kufikiri, na ninaandika hapa ili mjue kwamba lilikuwa neno langu, si la mtu mwengine. Niliona ni aibu kumuuliza mtu aliyefunga leo ngapi. Ni kama kumwambia humwamini hata kwa Mungu wake. Na nani anakunywa Ramadhani hapa kwetu? Vilabu vimefungwa, hata mlevi wa kupigiwa mfano anavaa kofia. Nikaizima simu, nikaiweka ndani ya kabati, nikatia kufuli, na moyoni nikajiona mtu mcha Mungu.

Bi. Zuwena aliuliza jambo moja. "Umewaambia?"

"Watafahamu wenyewe."

Ukweli ni kwamba niliona haya. Kumwandikia mtu "nitanyamaza mwezi huu" kungekuwa kulitaja lile tunaloliacha. Basi nikanyamaza bila ya kusema kwamba nanyamaza.

Kuna jambo halikunipitia akilini hata siku moja katika siku thelathini. Mcha alikuwa anafanya kazi hoteli. Wageni hawafungi. Kutwa, na kiu yake na saumu yake, kijana yule alikuwa akibeba sinia za bia baridi kuwapelekea watu waliolala juani.

Tulifungua ofisi baada ya siku nne za sikukuu. Nikafungua kufuli, nikatia chaji, nikawasha. Zikaingia meseji chache, za siku za mwisho tu. Mtandao hauweki meseji milele. Moja ilikuwa ya Mcha. "Leo ngapi Mjomba?"

Nilicheka. Nilidhani ananiuliza kahawa. Nikaandika, "Nipo. Vitatu. Na wewe?" Haikupita muda simu ikalia mara moja, ikakatika. Amebipu, nikasema, hana vocha. Nikampigia.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Wewe ndiye Mjomba?"

"Mimi ni... ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Mimi mamake Mcha. Nimebonyeza hiki cha kijani. Mcha tumeshamzika. Sikukuu pili."

Yeye akaendelea, sauti moja tu, kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. "Mimi sijui kusoma. Humu ndani kuna maneno yake alikuwa akiandika kila magharibi kumwandikia Mjomba. Ndugu zangu wote wawili nimewauliza, hawayajui. Njoo unisomee."

Nilikwenda Jambiani na Bi. Zuwena. Sikuwa na ujasiri wa kwenda peke yangu. Bi. Mize alikuwa uani, mwani aliouvuna kabla ya sikukuu bado umeanikwa, hakuna aliyeugeuza. Tulimpa mkono, tukamwomba Mungu amrehemu maiti. Kisha akaitoa simu kwenye pindo la kanga akaninyooshea mimi.

Bi. Zuwena alijua hali yangu. "Nipe mimi nisome, Pandu. Sauti yangu inafika."

"Nnataka asome yeye," alisema Bi. Mize. "Ndiye aliyeandikiwa."

Zilikuwamo zote, katika zile zilizokwisha kutumwa. Nikazisoma kwa sauti, uani, mbele ya wanawake wawili na majirani waliokuwa wamekaa barazani. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Ramadhani karimu Mjomba. Leo sifuri."

"Sifuri."

"Mbona kimya? Umesafiri?"

"Leo wageni wamejaa. Nabeba tu. Sifuri."

"Hiyo siku mguu ulimvimba," alisema Bi. Mize. "Soma."

"Mjomba nimekukosea nini?"

Nikasimama hapo. Bi. Mize akasema, "Akiandika kabla hajafungua. Tende mkononi, adhana inakwenda, anabonyeza. Nikimwambia, mwanangu, fungua kwanza. Akinambia, ngoja mama, namwambia mtu namba yangu. Soma."

"Sifuri. Namba ishirini na tano hiyo sifuri."

"Kesho sikukuu. Jamaa wananiita. Kama upo nijibu."

Na ya mwisho, ya alasiri ya sikukuu mosi, saa ile ile ambayo mimi nilikuwa nikimwandikia yeye: "Leo ngapi Mjomba?"

Nilifahamu hapo, na simu yake mkononi mwangu, kwamba hakuwa akiuliza kahawa. Alikuwa amelichukua swali langu akajiuliza mwenyewe kwa jina langu, na hakukuwa na wa kumjibu. Jamaa zake walinambia baadaye alivyokunywa. Alikunywa kipimo chake cha zamani, kile cha kumi, katika mwili uliokaa mwezi mzima bila ya tone. Damu haikusimama. Alikufia njiani kuja mjini.

"Sasa hilo swali," alisema Bi. Mize, "ulimjibu nini?"

"Sikumjibu, Bi. Mize. Simu ilikuwa kabatini. Niliifunga mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima ya mwezi."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo njia nzima. Aliinama akaokota shada la mwani, akaligeuza upande wa pili, akaokota jengine.

"Heshima," alisema. "Hata mimi. Karani aliniuliza mwanao ana nini, nikasema tumbo. Mwaka mzima nikawa namwita mgonjwa wa tumbo. Hata peke yetu ndani, mimi na yeye, siku moja sikumuuliza." Akamgeukia Bi. Zuwena. "Kitabu chenu nyinyi mmeandikaje?"

Bi. Zuwena hakuwahi kumdanganya mtu. "Tumbo. Na mimi nikatia nukta."

"Nukta ndiyo nini?"

Akamweleza. Bi. Mize alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonipa ruhusa ya kuandika haya:

"Futeni tumbo. Andikeni pombe. Na muandike kwamba alikuwa akijizuia."

Siku ya pili Bi. Zuwena alikwenda kituoni, akaomba daftari la mwaka ule, akapiga mstari juu ya lile neno. Akanipa kalamu. "Andika wewe." Wauguzi wa zamu walisimama wakingoja, na mimi niliandika kwa uandishi wangu, pole pole. Hakuna aliyeniharakisha. Kama mnataka kuona, ukurasa upo. Mwandiko mbaya ni wangu.

Tangu Ramadhani iliyofuata tulifanya kama mlivyokuta. Mwanzo wa Shaabani tunawaita vijana mmoja mmoja, tunawauliza ana kwa ana: mwezi huu tuwaandikie au tunyamaze? Anayetaka kimya anapewa kimya, lakini keshaambiwa. Nilitegemea wengi watakataa. Karibu wote walitaka, na waliochagua saa walichagua ile ile, kidogo kabla ya kufungua. Wanaofanya kazi hoteli tunawauliza kwanza. Siku nne za sikukuu mmoja wenu anakuwa na simu, nyumbani kwake, mbele ya wageni wake, hata kama mkewe ananuna. Mke wangu alinuna miaka sita.

Bi. Zuwena amefariki, Mungu amrehemu, na nukta zake ziko pale pale. Bi. Mize bado analima mwani. Kila sikukuu mosi, alasiri, hunibipu mara moja. Nampigia. Ananiuliza, "Wote wamejibiwa?" Namwambia, wote. Anakata. Sasa mimi sipo, na nimemwambia kwamba simu mnayo nyinyi. Atakapobipu mumpigie, na muwe na jibu.

Nimekuachieni simu, chaja mbili, daftari la visanduku na kalamu zilizobaki. Kabati lina vitu vya kufungiwa: majina, kadi, barua za watu. Mkihitaji kufuli, nunueni. Lile la zamani sikuliacha, niliondoka nalo.